Hodi kwa Sheha: Kitengo cha Malaria cha Zanzibar tangu Enzi za DDT

Kijana wa Unguja au Pemba aliyezaliwa mwaka 2005 anaweza kuwa amemaliza skuli bila kuugua malaria hata mara moja. Mama yake hakupata bahati hiyo. Utotoni mwake masika yalikuja na homa, na klorokwini ilikaa kabatini pamoja na chumvi na sukari. Bibi yake aliwahi kuionja raha hiyo. Kwa miaka michache ya ujana wake, mwishoni mwa miaka ya 1960, malaria ilikuwa imekaribia kutoweka visiwani, kisha ikarudi. Wanawake wawili na kijana mmoja wa nyumba moja, na kila mmoja amekulia katika Zanzibar yake.

Nyumba za namna hiyo ni nyingi, na tofauti baina ya vizazi vyake haikuletwa na mvua wala na ukame. Ililetwa na watu walioajiriwa, wakafundishwa, wakatumwa mashamba na mabonde, chini ya idara ya Wizara ya Afya ambayo imebadilishwa jina mara kadhaa na leo inaitwa Kitengo cha Kumaliza Malaria Zanzibar. Ofisi zake ziko Mwanakwerekwe, nje kidogo ya mji. Wenyeji wengi hawajishughulishi na jina lote hilo. Wanasema tu "watu wa malaria".

Historia ya Kitengo hiki huandikwa zaidi kwa takwimu na kwa majina ya wafadhili. Takwimu nitazitaja, maana ni za kujivunia, na wafadhili wana haki yao. Lakini naamini kwamba nguvu yake imetoka pengine: kwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa, anayejua nani kahamia na nani kahama, na kwa watumishi wa ngazi ya chini waliokubaliwa kuingia mpaka vyumbani mwa watu. Zanzibar ilipokaribia kuishinda malaria, iliishindia majumbani. Na ilipoteleza, iliteleza kwa sababu waliokuwa wakibisha hodi walisimamishwa.

Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilitangaza azma ya kuifuta malaria ulimwenguni. Sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara iliachwa nje ya azma hiyo, kwa hoja kwamba ugonjwa ulikuwa umekita mno na huduma za afya zilikuwa chache mno. Visiwa vilifikiriwa kwa namna nyingine. Bahari ingesaidia kulinda kilichopatikana, na eneo lake lilikuwa dogo kiasi cha kufikika lote. Ndivyo Zanzibar, iliyokuwa bado chini ya himaya ya Waingereza na kiti cha Sultani, ilivyoingizwa katika orodha ya maeneo machache ya Afrika ambako jaribio lingefanywa kwa ukamilifu. Kazi ilianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1950.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza. Mbu wa malaria akishamnyonya mtu huwa mzito, hutua ukutani kupumzika. Ukuta ukipigwa dawa ya DDT, sumu hubaki hai kwa miezi, na mbu anayetua hapo hufa kabla vimelea havijakomaa tumboni mwake. Hesabu hiyo yote inategemea kwamba kuta zimepigwa kwa wingi na kwa wakati. Mabwana afya na vibarua wao walilazimika kufika kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe, nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo, vibanda vya mashambani, na vijiji vya Pemba vilivyotawanyika juu ya vilima, nyumba moja hapa na nyingine ng'ambo ya bonde. Kila nyumba ilibidi ifunguliwe, vyombo vitolewe, godoro na masanduku yasogezwe, kisha baada ya miezi kadhaa shughuli ile ile irudiwe tangu mwanzo.

Kabla ya kazi hiyo kuanza, vipimo vya damu vilionyesha vimelea kwa zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa, Unguja na Pemba. Ilipofika 1968 kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 10 kwa Pemba, na chini zaidi kwa Unguja. Katikati ya miaka hiyo uhuru ulikuja, Mapinduzi ya Januari 1964 yakafuata, kisha Muungano na Tanganyika. Serikali ikabadilika, bendera ikabadilika, wakubwa wengi wa idara wakaondoka, na bado kiwango cha malaria kikaendelea kushuka. Kwangu mimi hilo ni jambo la kustaajabisha kuliko takwimu yenyewe, na ni heshima kwa watumishi wa chini walioendelea kubeba pampu mgongoni katika miaka ambayo hakuna aliyekuwa na uhakika wa kesho.

Mwaka 1968 upigaji dawa ulisitishwa.

Inafaa kueleza kwa nini kusitisha kazi ya namna hii ni hatari zaidi ya kutoianza. Mtu anayekulia mahali penye malaria nyingi, akiruka umri wa miaka mitano, huwa amejenga kinga ya kiasi fulani. Anaumwa lakini haanguki. Kinga hiyo haidumu yenyewe. Inalishwa na kuambukizwa mara kwa mara. Kisiwa kikikaa miaka kumi karibu bila malaria, watoto hukua bila kinga na wakubwa hupoteza waliyokuwa nayo. Mbu wakirudi ukutani na vimelea vikirudi damuni, ugonjwa unawakuta watu wote wakiwa wepesi kuangushwa. Katika miaka ya 1970 malaria ilirudi Zanzibar kwa nguvu, na kwa muda mfupi ikawa imerejea katika viwango vya zamani. Waliokuwa watoto wachanga wakati wa upigaji dawa ndio walioipokea wakiwa skuli. Hii ndiyo sehemu ya historia ambayo kila kiongozi wa Zanzibar anayekabidhiwa dhamana ya afya angepaswa kusomeshwa kabla hajaoneshwa meza yake.

Jaribio la pili lilifanywa miaka ya 1980, kwa msaada wa Marekani, na DDT ikarudi majumbani. Halikufika mbali. Mbu walikuwa wameanza kuizoea dawa, utekelezaji ulilegalega, na muongo ulipokwisha hapakuwa na mengi ya kuonesha. Sina haja ya kulirefusha.

Miaka ya 1990 ndiyo ambayo watu wazima wa leo wanaikumbuka kwa miili yao. Kila mwenye homa alipewa klorokwini, na wengi walijikuna usiku kucha kwa mwasho wa dawa hiyo. Mtoto akipatwa na degedege, wapo waliomkimbiza kwa mganga kabla ya kituo cha afya, kwa kuamini kwamba hilo si tatizo la sindano. Wodi za watoto zilijaa baada ya masika na tena baada ya vuli. Malaria kali hula damu, na wazazi waliambiwa watafute ndugu wa kutoa damu usiku huo huo. Wapo waliompata mtu wa kutoa, wakarudi wodini wakakuta kitanda kitupu.

Na dawa yenyewe ilikuwa imekwisha nguvu. Utafiti uliofanywa Zanzibar mwaka 2001 uliwafuata wagonjwa kwa siku 14 baada ya kupewa klorokwini, ukakuta kwamba tiba imeshindwa kwa asilimia 60 yao. Maana yake ni kwamba katika kila watoto kumi waliopewa vidonge na kurudishwa nyumbani, sita walirudi na vimelea vyao. Mwezi Novemba mwaka huo uamuzi ulipitishwa wa kuiacha klorokwini.

Hapa ndipo mamlaka ya ndani yalipoonesha faida yake. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, sera zake na maamuzi yake. Tanzania Bara iliingia katika dawa mseto mwishoni mwa 2006. Zanzibar ilianza Septemba 2003, ikitumia mseto wa artesunate na amodiaquine, ukitolewa bure katika vituo vyote vya serikali, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinajadili gharama. Uamuzi wa kutoa dawa bure ulikuwa mzito kuliko unavyosikika leo. Dawa mseto iligharimu mara nyingi zaidi ya klorokwini, na fedha zake zilitokana kwa kiasi kikubwa na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ambao wenyewe ulikuwa umezaliwa mwaka mmoja tu kabla.

Matokeo yalikuja haraka. Katika Wilaya ya Kaskazini A, yenye Mkokotoni, Nungwi na kisiwa cha Tumbatu, watafiti walilinganisha mwaka 2002 na 2005. Watoto wa chini ya miaka mitano waliolazwa kwa malaria walipungua kwa asilimia 77. Waliohitaji kuongezewa damu walipungua kwa asilimia 67. Vifo vilivyohesabiwa kuwa vya malaria vilipungua kwa asilimia 75, na vifo vya watoto hao kwa sababu zote vilipungua kwa zaidi ya nusu. Yote hayo yalitokea kabla vyandarua vya dawa havijagawiwa kwa wingi. Dawa nzuri, ikiwa karibu na ikiwa bure, ilitosha kufanya hivyo peke yake.

Vyandarua vilianza kuenezwa mwanzoni mwa 2006, kwanza kwa wajawazito na watoto wadogo, baadaye kwa kila kitanda. Mwaka huo huo upigaji dawa majumbani ulirejea, safari hii kwa fedha za mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria na kwa dawa ya aina nyingine. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni sehemu ambayo ripoti huimaliza kwa sentensi moja: zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi zilipigwa dawa.

Nyumba tisa katika kila kumi hazipatikani kwa gari la matangazo. Nyumba ya Mzanzibari ina stara yake. Mgeni anaishia barazani au ukumbini. Vyumba vya ndani ni vya wenyewe. Kumwambia mama wa nyumba kwamba kesho watakuja vijana wanne waliovaa ovaroli, barakoa na miwani, waingie mpaka chumba cha kulala na kumwagia kuta dawa yenye harufu, ni kumwomba jambo kubwa. Kumwambia atoe nje kabati, kitanda na sanduku la nguo mbele ya macho ya majirani ni kubwa zaidi, hasa kwa asiye na vingi vya kutoa. Baba yuko baharini au mjini. Kuna mgonjwa ndani, kuna kichanga, kuna mzazi ambaye hajatimiza siku arobaini.

Haya yote yalipitia kwa sheha. Shehia ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali Zanzibar, na sheha ni mtu wa hapo hapo, anayejulikana kwa jina la baba yake na la babu yake. Yeye ndiye aliyeitisha mkutano, akawaeleza wazee, akakubaliana na imamu tangazo litolewe baada ya sala, akapanga mtaa upi utangulie na upi ufuate. Siku ya kazi yeye au mjumbe wake alitangulia mlangoni. Hodi ilipigwa na mtu ambaye sauti yake inafahamika, shikamoo ikatolewa kwa bibi, marahaba ikaitikiwa, hali zikajuliwa za nyumbani na za shamba, na ndipo shughuli ikatajwa. Aliyekataa hakufokewa. Aliachiwa, akarudiwa kesho na mtu mwingine: shangazi yake, au mwalimu wake wa chuoni, au jirani ambaye nyumba yake imeshapigwa na amelala salama.

Upo upande wa pili wa jambo hili, na haki inataka usemwe. Sheha ni mteule wa serikali, na katika visiwa vyenye siasa kali kama vyetu, wapo ambao kwao hodi ya sheha haikuwa ya heri. Daftari la wakaazi limetumika pia katika mambo ya uchaguzi yaliyoacha majeraha. Kwamba watu wa malaria waliweza kupita katika nyumba za pande zote, Unguja na Pemba, katika miaka ambayo majirani wa itikadi tofauti walikuwa hawazikani, ni ushahidi kwamba watu walitofautisha kazi na kazi. Walipomwona mtumishi anampima mtoto wa huyu na wa yule bila kuuliza chama, walimfungulia.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulipima watoto wa chini ya miaka mitano nchi nzima. Bara, waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 18. Zanzibar walikuwa chini ya asilimia moja. Visiwa ambavyo miaka michache nyuma vilikuwa vinazika watoto kwa malaria kila msimu sasa ilibidi vitafute mgonjwa kwa kupima watoto mia.

Kwa idara nyingi, hapo ndipo pa kupigia picha na kugawa vyeti. Waliokuwa Kitengoni walijua habari ya 1968, na hofu ya kurudia kosa hilo ndiyo iliyozaa kazi yao bora kuliko zote. Mwaka 2008 walianzisha mfumo wa tahadhari ya mapema, ukianza na vituo vya afya 10. Kila wiki mhudumu wa kituo alituma kwa simu yake ya mkononi hesabu za wagonjwa: wangapi wamekuja, wangapi wamepimwa, wangapi wamekutwa na malaria. Wakati huo simu za watu wengi zilikuwa ndogo za vibonye, na zilitosha. Hesabu iliyokuwa ikikaa kituoni mpaka mwisho wa robo mwaka ikawa inasomwa wilayani Jumatatu inayofuata. Mfumo ulienea mpaka vituo vyote vya serikali.

Kuanzia 2012 ukaongezwa mwingine uitwao Coconut Surveillance, unaotumia tableti, na huu ulikwenda hatua ambayo sehemu chache Afrika zilikuwa zimeithubutu: kumfuata kila mgonjwa mpaka kwake. Mgonjwa akikutwa na vimelea, ujumbe unakwenda kwa afisa wa ufuatiliaji wa malaria wa wilaya. Afisa huyo anapanda pikipiki, anafika kituoni, anathibitisha maandishi, anachukua jina la shehia na la mkuu wa nyumba. Kisha anakwenda, mara nyingi kwa kumpitia sheha kwanza, maana njia za mashamba hazina majina na nyumba hazina namba za kuonekana. Akifika anawapima wote waliomo: kidole, tone la damu, kipimo cha haraka, dakika kumi na tano za kungoja huku mazungumzo yakiendelea. Anauliza nani amesafiri mwezi uliopita, nani analala ndani ya chandarua, lini nyumba ilipigwa dawa mara ya mwisho. Anayekutwa na vimelea anapewa dawa pale pale. Mahali nyumba ilipo panawekwa kwenye ramani. Lengo ni kufanya yote hayo ndani ya siku moja au mbili tangu mgonjwa aonekane kituoni.

Kazi hiyo ina upungufu wake, nao ulionekana mapema. Kipimo cha haraka hakioni vimelea vikiwa vichache sana, na vipimo vya maabara vya kina vimeonesha kwamba watu wa aina hiyo ni wengi kuliko wale wanaonaswa. Wanatembea, wanafanya kazi, hawajisikii ugonjwa, na mbu anawanyonya. Si kosa la afisa wa pikipiki. Ni mpaka wa chombo alichopewa.

Maswali yale ya safari yalileta jibu lililorudi tena na tena: wagonjwa wengi walikuwa wametoka Bara muda si mrefu kabla. Dalili zake zilikuwepo hata kabla ya tableti. Mwaka 2009, serikali ilipofanya tathmini ya kama malaria inaweza kumalizwa kabisa, watafiti walitumia pia rekodi za simu za wakaazi zaidi ya laki saba, zilizoondolewa majina, za miezi mitatu ya mwisho ya 2008. Zilionesha mwendo ambao kila Mzanzibari anaujua bila rekodi: watu wanakwenda Dar es Salaam, wanakaa siku chache, wanarudi. Biashara, hospitali, msiba, harusi, chuo. Tathmini ikasema kwamba kumaliza kunawezekana kwa upande wa utaalamu, lakini kwa sharti kwamba vyandarua, dawa na ufuatiliaji vibaki juu kwa miaka mingi, kwa kuwa vimelea vitaendelea kuingia na kila boti.

Nimesikia watu wakilitumia jibu hilo vibaya, kana kwamba malaria ni kitu cha wageni na dawa yake ni kufunga bandari. Anayesema hivyo hajafikiri nani anasafiri. Ni sisi. Ni mwanafunzi anayerudi likizo, ni mvuvi anayekwenda dago kwa miezi akilala ufukweni bila chandarua, ni mchumaji karafuu anayeingia kambini Pemba msimu unapofika, ni mlinzi anayekesha kwenye jengo la hoteli lisilo bado na madirisha. Kitengo, kwa sifa yake, hakikuchukua njia ya kuwanyooshea watu hao kidole. Kilianza kuwafuata walipo: madagoni, kambini, bandari rasmi na bandari bubu, kuwapima na kuwapa vyandarua.

Wakati huo huo mbu naye hakukaa kimya. Ilipofika 2011 na 2012 ilikuwa imedhihirika kwamba amejenga usugu dhidi ya dawa iliyotumika tangu 2006, na ikabidi ibadilishwe. Badala ya kupiga nyumba zote, wapiga dawa wakaelekezwa kwenye shehia zenye wagonjwa wengi. Aina ya mbu aliyezoea kuuma ndani usiku wa manane ilipungua sana, na nafasi yake ikachukuliwa na ndugu yake anayeuma pia nje, jioni, watu wakiwa bado barazani wanapiga soga. Chandarua hakimlindi mtu aliyekaa barazani. Hiyo ni shida ambayo bado haijapata jawabu la kuridhisha, na ni nzito zaidi katika maeneo ya mabonde ya mpunga kama Cheju, ambako maji yanasimama na viluwiluwi havikosekani.

Katika muongo huo jina la idara lilibadilishwa, kutoka kudhibiti kwenda kumaliza, na lengo likatangazwa hadharani. Lengo hilo halijafikiwa. Wagonjwa wameongezeka katika vipindi fulani, na ongezeko la mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua kubwa, liliwashtua watu waliokuwa wamesahau kabisa. Vijana waliougua walisema hawakujua kwamba homa inaweza kuwa hivyo. Wahudumu wengine wa afya walikuwa wanaiona malaria kali kwa mara ya kwanza katika kazi yao. Idadi ya watu nayo imekaribia kuongezeka maradufu: sensa ya 2002 ilihesabu watu 981,754, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Magharibi ya Unguja, mashamba ya jana yamekuwa mitaa, na kila shimo la kifusi linalojaa maji ni kazi mpya kwa Kitengo.

Visiwa vingine vinatufundisha kitu katika hili. Mauritius ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1973 kuwa haina malaria. Mwaka 1975 kimbunga kikapiga, wafanyakazi wa ujenzi wakaingia kutoka nje, na malaria ikarudi. Iliwachukua mpaka miaka ya 1990 kuiondoa tena. Cabo Verde ilipata cheti chake Januari 2024, baada ya kuiondoa na kuipokea tena zaidi ya mara moja katika nusu karne. Cheti hicho hutolewa kwa nchi nzima baada ya miaka mitatu mfululizo bila maambukizi ya ndani. Zanzibar, ikiwa sehemu ya Jamhuri ya Muungano, haiwezi kukipata peke yake, hata siku itakapofika haina mgonjwa hata mmoja aliyeambukizwa kisiwani. Kitengo kinafanya kazi ambayo hakitapewa cheti chake, na waliomo wanalijua hilo.

Swali kubwa la sasa ni fedha. Kwa zaidi ya miaka 20 sehemu kubwa ya vyandarua, dawa, vipimo, mafuta ya pikipiki na posho za wapiga dawa imelipwa kutoka nje, hasa na Mfuko wa Dunia na Marekani. Mapema 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shirika lake la maendeleo la USAID likavunjwa mwaka huo huo. Yeyote aliyesoma habari ya 1968 anajua kinachofuata pale kazi inapokatika kabla ugonjwa haujakatika. Naliweka wazi nionavyo mimi: afisa wa ufuatiliaji wa wilaya, pikipiki yake na sanduku lake la vipimo lazima viwe katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe, kwa fungu lisiloguswa, hata kama mengine yote yatangoja mfadhili. Utalii unaojaza hazina yetu unategemea kwamba mgeni anaweza kulala Paje au Nungwi na kuamka mzima. Kodi ya vitanda hivyo ina deni kwa pikipiki hiyo.

Ipo pia kazi ndogo, isiyohitaji mfadhili. Waliobeba pampu za DDT kabla ya Mapinduzi na baada yake wengi wameshatangulia mbele ya haki. Waliobaki wanakaribia umri wa miaka 80 au wameshaupita. Wanajua nyumba zipi zilikataa na kwa nini, nani aliwashawishi, walilala wapi walipokwenda Micheweni kule Pemba, na siku walipoambiwa warudishe vifaa walipewa sababu gani. Kitengo kina maafisa katika kila wilaya ambao kila wiki wanaingia shehiani na tableti inayorekodi. Waulizeni masheha, watawaelekeza wazee hao wanapokaa, na safari za kuwafuata zianze msimu huu.